Barakoa Imempwaya Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Leo faili la wifi limeniangukia mezani. Nimelifungua bila kujua, kama ninavyofungua mafaili yote. Saratani ya koo, mionzi ya mpango mgumu, mgonjwa mwanamke, fundi cherehani. Kufika hapo kwenye kazi yake ndipo nikatazama jina. Nimelifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Sheria ya kitengo chetu cha bili hapa hospitali iko wazi: faili la ndugu huligusi. Unampa mwenzako. Na mwenzangu ni mmoja tu — Nukta. Tunamwita hivyo kwa sababu anaweza kukurudishia kazi nzima kwa nukta moja iliyokaa vibaya kwenye msimbo, ile namba ya tiba. Aliponirudishia yangu mbele ya mkuu wa kitengo, mwezi uliopita, nilinuna. Tangu hapo salamu zetu ni za kutikisa kichwa.

Nikamwekea faili mbele yake, nikasema ni la dada wa mume wangu, siruhusiwi. Akasema sawa. Basi. Hata pole hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Wifi yuko kwetu tangu tiba ianze. Analala chumba cha watoto wangu pacha, wao wamehamia sebuleni na kwao ni sherehe. Kwangu — sijui. Ndiye aliyesema, mwaka nilioolewa, kwamba kaka yake kaoa karani asiyejua hata kukunja pindo. Ni kweli sijui. Sasa sauti imemkauka, anaongea kama mtu anayekupa siri, lakini maneno ni yale yale. Jana kaniambia sketi yangu inaning'inia nyuma.

Anawaambia majirani kwamba nafanya kazi ya kodi. Kosa ni langu, maana ofisini tunasema "kodi" kwa kuiga Kiingereza, tukimaanisha misimbo. Leo jirani kanishika mlangoni, anataka nimpunguzie kodi ya duka. Wifi kacheka mpaka akakohoa. Nikamletea maji. Akanywa, akasema, "Haya wifi, nieleze basi. Unafanya nini huko?"

Nikamweleza. Kila wanachomfanyia kina namba yake. Ile siku ya kwanza ya kumlaza na kumpiga picha. Barakoa ya plastiki waliyomfinyangia usoni ili asijitikise. Ule mpango wa kompyuta unaoamua mionzi ipite wapi na ikwepe wapi. Halafu kila anapolala chini ya mashine. Bima inasoma namba, siyo mtu. Zikikaa sawa, inaruhusu. Zikikaa vibaya, tiba inasimama.

"Kumbe na wewe unashona," akasema.

Nimeolewa miaka mingi. Sikumbuki sifa nyingine kutoka kwake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemsindikiza wifi kwenye mashine kabla sijaingia kazini. Katoka mapema kuliko kawaida, nikashtuka. Kumbe anatabasamu.

Barakoa imempwaya. Mwanzoni ilikuwa ikimbana mpaka inamwachia alama za matundu mashavuni, mwenyewe anaiita chekeche. Leo wameifunga, kichwa bado kinacheza ndani. Mtaalamu wa mashine akamwita daktari. Daktari akampapasa shingo, akarudia, akaenda kutazama picha. Uvimbe umenywea. Umenywea kuliko walivyotarajia.

Shida ni kwamba mpango ulichorwa kwa shingo ya zamani. Wakiendelea nao, mionzi inaweza kupiga pasipostahili, hata uti wa mgongo. Kwa hiyo wamesimamisha. Barakoa mpya, picha mpya, mpango mpya, ndipo waendelee.

Njiani wifi akasema, "Mteja akikonda si unampima upya?" Kana kwamba uvimbe kaufukuza yeye kwa mikono yake. Sikumbishia.

Mume wangu nilipompigia simu alisema anakata kwanza, atanipigia. Najua alikuwa analia.

Ijumaa, 8 Machi

Bima imekataa mpango mpya. Marudio, wanasema. Tiba moja, mpango mmoja, wa pili hawaoni sababu yake. Nimeona kwenye skrini ya Nukta nikipita. Sikuchungulia. Nilichungulia kidogo.

Na daktari kaandika nini? "Panga upya." Ndiyo yote. Habari njema kuliko zote tulizopata tangu ugonjwa uanze, na hakuna aliyeiandika. Daktari mwenyewe yuko semina mji mwingine mpaka Jumatatu. Wakati huo mashine imesimama, na tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mionzi haipendi kukatishwa. Ukiipumzisha, ugonjwa nao unapumua.

Mkuu wa kitengo katuita pembeni, mimi na Nukta. Kwa nia njema kabisa, ananionea huruma. Njia ya mkato ipo: wekeni msimbo wa uvimbe wa pili. Sehemu mpya, mpango mpya, mfumo unapitisha leo leo.

Nukta akasema, "Hana uvimbe wa pili."

"Ni namba tu, bwana."

"Hana," akasema tena, akarudi kwenye kiti chake.

Nilimchukia. Naandika ukweli, hapa hapana wa kunisuta. Nilitaka abonyeze. Ningekuwa naruhusiwa kuligusa lile faili, ningebonyeza mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaambia nyumbani. Mume wangu akasema si ipite tu? Karatasi ni karatasi, dada yake kwanza.

Wifi alikuwa ameishika ile sketi yangu, anafumua pindo. Hakuinua macho. "Hilo faili nitakaa nalo mpaka lini?"

Nikamwambia siku zote. Kila daktari atakayelifungua ataona saratani mbili.

"Na ya pili wataitibu?"

"Watakuwa wanaitafuta, wifi. Wakiumiza kichwa nayo. Pengine siku moja wakunyime dawa fulani kwa sababu yake."

Akakata uzi kwa meno. "Basi wasiniongezee ugonjwa ambao sina. Huu mmoja ndiyo kwanza unaondoka."

Kaka yake akainuka, akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi. Akaviosha tena.

Mimi nimebaki na aibu yangu ya jana, nimeikalia kama mtu aliyekalia kiti chenye maji.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwendea Nukta asubuhi. Nikamwambia faili siligusi, ila nataka kujua tumefika wapi. Nilijiandaa kwa jibu la neno moja.

Akavuta kiti, akanionyesha. Kumbe tangu Ijumaa hakukaa bure. Kabla ya kila tiba wifi hupigwa picha ya kuhakikisha amelala sawasawa. Nukta kazipanga zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Mstari wa shingo unarudi ndani, unarudi ndani. Mtu hahitaji kusomea chochote kuuona. Kashaongea na mwanafizikia anayechora mipango, na kashamwandikia daktari swali: nini kimebadilika?

"Mimi naona," akaniambia. "Lakini siwezi kuandika ninachokiona mimi. Lazima aseme yeye."

Daktari karudi mchana. Nukta, ambaye hata chai huletewa mezani, kapanda ngazi kwenda kumsubiri mlangoni. Daktari kampokea vizuri. Akasema alidhani picha zinajieleza zenyewe. Wakaketi pamoja, akaandika ukurasa mzima: uvimbe umepungua sana, barakoa hailingani tena, mpango wa zamani ni hatari kwa uti wa mgongo. Umetumwa kwa bima kabla ofisi hazijafungwa.

Jumanne, 12 Machi

Bima bado haijajibu.

Wifi kafua mapazia ya nyumba nzima. Hakuna aliyemwomba. Nimemkuta amekaa katikati yake, amechoka, anameza mate kwa shida. Nikamsaidia kuyaanika.

Jumatano, 13 Machi

Imepita.

Daktari wa bima kapiga simu mwenyewe kwa daktari wetu. Kaziona picha, kauliza maswali yake, karidhika. Barakoa na mpango, vyote wameruhusu.

Nukta kaja mpaka mezani kwangu kuniambia. Nikasema asante. Nikaongeza kwamba Ijumaa nilimkasirikia.

"Nilijua," akasema. Akasimama pale, hajui aweke wapi mikono. Halafu akasema, "Mama yangu waliwahi kumwandikia kisukari. Mtu alikosea namba. Kila hospitali aliyokwenda wanakikuta kwenye faili, wanamnyima sukari kwenye chai. Mpaka anafariki. Na alikuwa anapenda sukari, mama yule."

Akarudi kitini pake. Nilikuwa na faili la watu mbele yangu, nimeusoma mstari mmoja labda mara tano.

Alasiri wamemfinyangia wifi barakoa mpya.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mashine. Wifi yuko ndani. Taa nyekundu juu ya mlango inawaka. Ni mara ya kwanza kwa mpango mpya.

Daktari hakutuficha asubuhi. Zile siku zilizopotea zitafidiwa, baadhi ya siku atapigwa mionzi asubuhi na jioni, koo litawaka kuliko sasa. Kama uvimbe umekwisha au umejificha tu, tutajua baada ya tiba kumalizika, si kabla. Wifi akamwuliza kama akimaliza ataruhusiwa kukanyaga cherehani. Daktari akasema hilo hata leo. Wifi akanigeukia: "Umesikia? Ukirudi nyumbani, nitolee mashine yangu kwenye lile gunia."

Nimeinua macho, namwona Nukta anakuja kwenye korido. Anasoma kila kibao cha mlango kama mgeni. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kushuka huku. Kaketi, kaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Ananiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wanafungwa uso kwenye meza. Namwambia ndiyo.

"Inauma?"

Namwambia amuulize mwenyewe.

Taa imezimika. Ndani wanacheka, na kicheko kimoja ni kile cha mkwaruzo, cha kunong'ona. Mlango mzito unaanza kusogea. Nukta amesimama kabla yangu, anachomekea shati kama mtu anayekwenda kutambulishwa ukweni, na mimi nafunga daftari.