Tabaka Nne za Paa

Jumatatu, 9 Septemba

Nimerudi kutoka Adelaide, jicho moja limezibwa kama la haramia. Daktari kasema wiki mbili nisiiname, nisibebe kitu, nisisogelee vumbi wala harufu ya rezini, ile gundi ya faiba. Sawa. Nikaenda bandani moja kwa moja, hata begi sijalishusha.

Paa la trela langu la kulala safarini limeshamwagwa! Gamba zima la faiba, juu mpaka mgongoni, limetolewa kwenye kalibu na kupandishwa juu ya fremu. Jeupe, linang'aa. Shemeji Lyall kasimama pembeni, mikono mfukoni, anasubiri kusifiwa. Nilimwambia anisubiri! Anasema wikiendi kulikuwa na joto, na wiki hii baridi inarudi, rezini isingekauka, akaona bora amalize.

Nikasema asante. Lakini kazi ile mimi ningeifanya siku tatu, na nimetandaza faiba miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha matangi ya maji. Yeye alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Tabaka nne, kila moja usukume kwa rola mpaka hewa itoke, usubiri ikamate, ndipo uweke nyingine. Kwa siku mbili? Peke yake? Kuna namna.

Bruce Hosking, jirani, ambaye trela langu huliita yai, akachungulia juu ya ua: naona yai lako limetagwa, Glenys!

Jumatano, 11 Septemba

Sijalala vizuri. Nimerudi bandani na tochi.

Pipa la rezini ni lile la Colin, marehemu mume wangu. Alilinunua mwenyewe miaka miwili iliyopita, siku alipochora trela hili nyuma ya kalenda. Ni la plastiki, ukilimulika unaona rezini imefika wapi. Nami huweka alama kwenye kila kitu, hata chupa ya sheri. Kabla ya kwenda hospitali nilichora mstari kwa penseli.

Imepungua vidole viwili tu!

Kilo moja ya mkeka wa faiba inakunywa kilo mbili na ushei za rezini. Hilo nalijua kuliko namba yangu ya simu. Paa lile lilipaswa kukausha karibu pipa zima. Na mkeka wenyewe? Umekwisha. Roli nzima haipo. Sasa mkeka umekwenda wapi bila rezini?

Alhamisi, 12 Septemba

Leo Lyall kabandika mabamba ya povu la kuzuia baridi, ndani kote. Na kingo zote kazifunga kwa utepe wa alumini. Kwa hiyo unene wa gamba hauonekani tena, si kwa ndani, si ukingoni. Haraka ya nini?

Nimeligonga kwa sarafu alipokwenda kula. Sauti nzito tu, ya povu. Haisemi chochote.

Jumamosi, 14 Septemba

Bruce kaniletea malimau. Bruce haleti malimau bure, huleta na maneno. Kasema kapita kwa Lyall, kaona boti yake imelazwa kifudifudi uani, ile yenye ufa tumboni. "Nadhani anaiziba," akasema. "Au keshaiziba. Faiba ni faiba, jirani." Kisha akacheka: "Na kitanda cha yai lako ni cha wawili, nimekipima kwa macho. Lyall naye hana mke. Mimi nimesema tu."

Nikamwambia aende akapime kitanda chake.

Lakini boti! Machale yakanicheza hapo hapo. Mkeka wangu uko tumboni mwa boti ya Lyall.

Lyall alipokuja saa nne na pasti mbili za nyama, za moto, nikamuuliza, hivi hivi, kama mtu anayeuliza saa.

"Uliweka tabaka ngapi, shemeji?"

"Nne. Si ulisema nne?"

"Zote kwa rezini ile?"

Akatazama chini. Akasema pasti zinapoa. Akajitia hamnazo kabisa, akaanza kusimulia mpira.

Tarehe tano Oktoba naondoka na trela. Peke yangu, kaskazini, zile barabara za mawe za milima ya Flinders zinazong'oa hata nati za gari. Gamba la tabaka mbili litapasuka siku ya tatu, usiku mimi nimelala chini yake, na jirani wa karibu kangaruu. Yeye anajua hivyo. Ndugu wa Colin! Wa mwisho aliyebaki! Nimeudhika!

Jumapili, 15 Septemba

Nimefanya.

Lyall alikuwa klabu, anavingirisha matufe yake kwenye nyasi pamoja na wazee wenzake. Nikachukua drili, biti ya milimita sita. Nikachagua mahali kwenye mkunjo wa juu, nyuma, ambapo mvivu hupunguza mkeka kwa sababu ni pagumu kufika. Nilitazama nyuma mara mbili kama naiba. Trela langu mwenyewe!

Drili iliingia polepole. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Ndipo ikagusa povu.

Nikapima unene kwa waya uliokunjwa ncha. Nikapima tena. Nikavua kibandiko cha jicho, nikapima mara ya tatu.

Tabaka nne. Hapana — pale kwenye mkunjo kaongeza ya tano. Kazi safi, haina hata kiputo cha hewa. Mimi mwenyewe nisingefanya vizuri zaidi.

Halafu nikaanza kuziba. Nikafungua pipa la Colin, nikachota kijiko, nikachanganya na unga wa puti na dawa ya kukaushia. Ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa, nikadhani ni jicho na baridi. Nikasawazisha kwa kisu cha siagi. Haionekani, labda uijue.

Jumatatu, 16 Septemba

Puti haijakauka. Inanata kama jemu. Miaka ishirini na miwili kiwandani, na tundu moja limenishinda!

Jumanne, 17 Septemba

Bado inanata. Nimepuliza na kikausha nywele nusu saa. Wapi!

Jioni Lyall kaja kufunga taa za nyuma. Nikamwandalia chai. Sijui nini kilimpata, maana huyu mtu husema maneno kumi kwa wiki. Kavua kofia. Kasema:

"Shemeji, kuna jambo nimekuficha."

Nikashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Rezini ya Colin imekufa. Nilianza nayo ile Jumamosi, nikaona haishiki, inabaki kamasi. Imekaa mno. Nikaikwangua yote, nikaenda kuleta ile niliyonunua ya boti yangu. Paa lote ni hiyo. Nilishindwa kukwambia. Ulikuwa unasema kila siku, rezini ya Colin, rezini ya Colin. Nikaona, basi, uamini kaka yangu ndiye kalijenga."

Kaka yake. Hakusema mume wako. Colin alikuwa wake pia.

Nikamuuliza, na boti?

"Boti ina ufa. Itasubiri."

Nilipaswa kumwambia palepale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa! Nikasema: ongeza sukari. Nina haya. Nina haya mpaka masikio yanawaka, na hata sasa naandika kwa herufi ndogo.

Jumatano, 18 Septemba

Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakuja. Mvua, na banda linavuja juu ya trela.

Ijumaa, 20 Septemba

Kaja asubuhi na mapema na kopo la nta, anasugua gamba, anapiga mluzi. Mimi nilimfundisha mwaka jana kupapasa faiba kwa kiganja, macho umefumba, maana kiganja kinaona zaidi. Basi kapapasa.

Mluzi ukakatika.

Nikatoka. Kidole chake kina kitu cheupe kinachonata, na vumbi la nta limeganda pale kama chunusi. Kakikwangua kwa kucha. Tundu. Maji ya mvua ya jana yakachuruzika kutoka kwenye povu, matone mawili matatu tu. Uso wa Lyall sijawahi kuuona vile, hata makaburini.

"Mtu katoboa," akasema. "Shemeji, mtu kaingia humu akatoboa paa lako. Kisha kaziba aonekane hakufanya kitu."

Nikasema, nani atafanya hivyo?

Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

Jumamosi, 21 Septemba

Ameamua ni Bruce. Nani mwingine anachungulia kutwa? Nani alilicheka trela tangu mbao ya kwanza? Saa mbili asubuhi kamfuata uani kwake. Niliwasikia kutoka jikoni, na nyumba zote za mtaa zilisikia.

"Mimi?" Bruce analia kwa hasira. "Mimi nitoboe yai la mjane? Miaka thelathini tunacheza timu moja, Lyall!"

"Ulikuwa kwake Jumamosi iliyopita!"

"Nilileta malimau!"

Nikatoka. Bruce akanigeukia, uso mwekundu kama nyanya. Glenys, mwambie huyu! Mwambie, wewe unanijua!

Nikasema sijui.

Neno moja hilo. Bruce akanitazama, akaingia kwake, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Nilidhani yataisha hapo. Lyall karudi, hakunywa chai. Katoa mashine ya diski kwenye pikapu, ya kusugua na ya kukatia. Nikamuuliza anataka kufanya nini.

"Kama katoboa moja, atakuwa katoboa na mengine, akayaziba vizuri zaidi. Nakwangua rangi yote, shemeji. Kila inchi. Siwezi kukuacha ulale kule peke yako chini ya paa nisilolijua."

Nikasema, Lyall, acha, labda ni hilo moja tu. Akasema: "Unajuaje?"

Nikarudi ndani.

Sasa ni saa tano. Kaanzia mgongoni. Vumbi jeupe linatoka mlangoni mwa banda, limejaa kwenye waridi. Keshakula robo ya gamba, ule weupe wote kauondoa, chini kunaonekana kijivu, nyuzi za mkeka. Kazi yake yote ile. Mkono wake mmoja una baridi yabisi, anaubadilisha kila baada ya dakika chache, namwona kupitia dirisha. Mimi nimeketi mezani na daftari. Nimeandika ukurasa huu mzima badala ya kutembea hatua ishirini.

Mashine imenyamaza.

Ananiita. "Shemeji! Njoo uone! Nimepata la pili!"

La pili halipo! Tundu ni moja. Katika dunia nzima ni mimi tu ninayejua hivyo. Kitakuwa kiputo cha hewa, kama vile vilivyo kwenye kila faiba, hata matangi yangu yalikuwa navyo.

"Shemeji! Unasikia? La pili!"

Nimemjibu nakuja. Bado nimeketi. Kawasha tena mashine, na sauti yake imebadilika, imekuwa nzito. Hakwangui tena rangi.

Anakata paa.