Mume Anayekohoa Ukutani

Shangazi Ernesta mpendwa, naomba unisaidie kabla ukuta haujaamua wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilipangiwa Kasulu mwaka jana, 2013, nikitokea Singida, na nimepanga chumba kwa Bibi Epifania, mjane, mtu mwema kuliko wote niliowakuta huku, tunatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali mbichi na ndani ya ukuta huo limepita bomba la maji ambalo marehemu mumewe, mzee Bazilio, alilitandaza kwa mikono yake na kulipiga lipu juu, akafariki kabla hajayaonja maji yenyewe. Maji yetu hushuka kutoka mlimani kwa mgao, na kila yanaporudi alfajiri ukuta hukohoa, kwanza kwa mbali kama mtu anayesafisha koo, kisha hugonga, kisha huguna mguno mrefu unaopita nyuma ya mto wangu kwenda chumbani kwa bibi, nami humsikia akiitika, "Mwakeye, Bazilio," ile salamu ya asubuhi ya Kiha, kwa sauti ambayo mchana hana.

Jioni hufunga koki zote na kuzizungushia vipande vya kitenge chake cha zamani, akikaza mafundo, ili asiwepo wa kuchota maji kabla mwenye nyumba hajasalimiwa. Nilipomwambia ukuta unalowa alicheka. "Mwalimu, mwache mzee anywe." Lakini doa limepanda, sasa lina mabega, kama mtu aliyeegemea kutoka upande wa pili, lipu ukiibonyeza kidole kinazama, na kitanda cha bibi kipo hapohapo chini yake. Nilimwita fundi Castory, akaweka sikio ukutani, akaanza kufungasha vifaa vyake. "Dada, unataka nikate koo la marehemu? Mimi bado nina watoto wa kulea."

Ninaloona aibu kuliandika ni hili: hata siku ambazo maji hayaji, ukuta huvuta pumzi, hauguni, unavuta tu kwa ndani, polepole, kama mtu anayetaka kusema neno, na mimi niliyesoma hadi chuo kikuu nimeanza kuamka mapema na kuweka kiganja pale nikisubiri, na juzi bibi alipochelewa kuitika, niliitika mimi. Kukawa kimya. Kimya cha mtu aliyeshangaa.

Nikikata bomba nitakuwa nimemzika mzee mara ya pili na bibi hatanisamehe, nikiliacha naogopa ukuta. Nifanye nini?

Mwalimu, Kasulu

*

Mwalimu, hamisha kitanda cha bibi. Weka gazeti chini, kahamishe, kisha urudi usome mengine.

Umerudi? Haya. Pole, mwanangu. Upweke wa ugenini naujua, na nyumba yenye mjane ina masikio makubwa. Ila umekaa ukaandika barua, ukaipeleka posta, huku bibi wa watu amelala chini ya ukuta unaozamisha kidole. Unaogopa asikusamehe! Ukuta ukimwangukia, msamaha utamwomba nani?

Sikiliza. Bomba likikauka hujaa hewa. Maji yakishuka mlimani huisukuma, na koki zote zikiwa zimefungwa, hewa haina pa kutokea. Hugonga kila kiungo mpaka kiachie. Vile vitambaa ndivyo vinavyopasua bomba. Bibi humfunga mumewe mdomo kila jioni, halafu asubuhi hufurahi kumsikia akihangaika. Na siku zisizo na maji, bomba tupu huvuta kupitia ufa wa kiungo kilichoachia, hewa pamoja na tope. Kwa hiyo maji ya kunywa mchemshe, hata yakionekana safi.

Funga koki kuu iliyo karibu na mita. Egemeza boriti pande zote mbili za ukuta, na wewe pia usilale hapo. Mwache Castory na watoto wake, tafuta fundi asiyemfahamu marehemu. Bomba jipya lipite nje ya ukuta, likivuja mjue siku hiyohiyo.

Lakini fundi asiguse kitu kabla hujaongea na bibi. Usimwambie "ni hewa tu", hujazeeka kiasi hicho. Mwambie: "Bibi, bomba la mzee limepasuka na ukuta utakuangukia. Yeye angekubali?" Kisha mwache avifungue vile vitambaa mwenyewe.

Kuanzia hapo, jioni iacheni koki ya uani wazi kidogo, na ndoo chini yake. Alfajiri pumzi itatoka kwanza, halafu maji. Mwekee bibi kigoda hapo. Amsalimu mumewe akiwa nje, ambako hakuna ukuta.

Kuhusu kile kimya baada ya wewe kuitika, fundi wangu, aliyenieleza haya ya hewa, alinirudishia barua yako akaenda zake. Usiitike tena. Salamu ile ina mwenyewe.