Nimelivaa Koti Lako, Msukuma

Kabula, Msukuma wangu, mbeba mizigo wangu,

Hujambo huko uliko? Mimi nimechoka, na ndivyo ulivyoniacha. Sudi anaota magego, na yeye akiumwa hataki mtu yeyote nyumbani alale. Sasa hivi kasinzia, baba yake yuko kiwandani zamu ya mchana, na maharage yapo jikoni. Yakianza kunuka nitakuacha kidogo nikaongeze maji, usinune.

Nakuandikia kukupa habari ya safari. Ile safari yetu. Nimekwenda, Kabula. Nimekwenda na Neema.

Unakumbuka ulivyoisema mara ya kwanza? Tulikuwa tunasukuma lile toroli la mashuka kwenye hoteli yetu kule karibu na uwanja wa ndege, wewe mbele mimi nyuma, na mimi nalalamika mgongo. Ukasimama katikati ya korido, ukaniambia, "Mwanahawa, iko siku mimi na wewe tutakuwa watalii humu humu Toronto. Tutakula vya kwao, tutapanda mnara wao, na tutalala kwenye kitanda ambacho atakitandika mtu mwingine." Nikakuuliza kwa nini tulale hotelini na kwetu Scarborough si mbali. Ukasema, "Mtalii anayerudi kulala kwake si mtalii, huyo kakosa basi tu." Ukachagua na mwezi, Februari, eti baridi ikikaza hata watalii wenyewe wanakimbia, mji wote utakuwa wetu.

Kila asubuhi tuliuona ule mnara kupitia dirisha la basi, mdogo kama sindano, na kila asubuhi ukaupungia mkono kama unamsalimia jirani. "Tunakuja," ulikuwa unauambia. Halafu ukaumwa. Halafu majani yakadondoka, na wewe nawe.

Nikuambie ya mazishi, maana najua ulikuwa unanisubiri. Mimi mtani wako. Nyumbani ningeingia msibani nimevaa nguo zako, nikatembea kama wewe, nikakutukana kwa haki kabisa, nikazuia jeneza mpaka ndugu zako wanilipe. Waliolia wangecheka na waliocheka wangelia vizuri zaidi. Huku walituweka kwenye chumba chenye zulia nene, na watu wenye suti nyeusi wananong'ona kama wanaogopa kumwamsha mtu. Nikasimama mbele yako. Nilikuwa nimeshapanga la kusema: "Msukuma, amka, kuna mizigo bandarini." Nikafungua mdomo na kilichotoka ni kilio tu. Mama mmoja akanishika bega akanirudisha kwenye kiti. Basi. Ukaenda bila utani, kama mtu asiye na kwao.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Ni Neema.

Mwanao hakulia, Kabula. Siku ile hakulia, wala baadaye. Hakucheka pia. Alikwenda shule, akarudi, akala alichopewa, akaosha sahani. Ukimuuliza anakujibu kwa Kiingereza chake kwamba yuko sawa. Neno "mama" likawa halitoki mdomoni mwake, analizunguka kama watu wanavyolizunguka shimo barabarani. Shemeji Masanja akawa anajivunia. "Mwanangu jasiri," anasema, "anajikaza." Mimi nikamtazama yule mtoto wa miaka minane anavyokunja leso mkunjo juu ya mkunjo, nikamwambia, "Shemeji, huo si ujasiri. Mtoto kajifungia ndani, na wewe umesimama nje unamsifia mlango." Najua ni kaka wa watu na ana msiba wake. Lakini mtu lazima aseme.

Februari ilipofika nikaenda kwenu. Nikapita moja kwa moja mpaka kabatini, nikatoa lile koti lako la zambarau. Shemeji alikuwa hajaligusa. Akasimama mlangoni, akasema, "Mama Sudi, hilo hapana." Nikamwambia, "Mimi ni Mzaramo. Wewe Msukuma. Nguo ya marehemu mtani akiishika kaishika. Unanilipa nini nikuachie?" Akanitazama, nikadhani atanifukuza. Halafu nikaona mdomo unacheza. "Mzaramo sina cha kukulipa," akasema, "chukua. Ila utazoa nalo theluji yote ya Toronto kwa huo ufupi wako." Nikamwambia, "Nachukua na mtoto pia, namrudisha Jumapili." Akakaa kitandani, akaliangalia lile kabati. "Mrudishe ameshiba," akasema. Ndiyo hivyo tu.

Basi, Jumamosi asubuhi tukaondoka. Sudi nikamfunga mgongoni kwa kanga, na juu yetu sote wawili nikavaa koti lako. Lilitutosha, Kabula! Urefu wako ule! Mimi nimetokeza uso mbele, Sudi katokeza kofia nyuma, pindo linaburuta. Kwenye treni bibi mmoja alituangalia mpaka akapitiliza kituo chake. Neema alisogea kiti cha mbali kidogo. Aliliona koti, nilijua kaliona.

Tulianzia soko la St. Lawrence, kama ulivyopanga. Ule mkate wao unaosifiwa ni wa nyama ya nguruwe, na wewe ulikuwa unanicheka mapema, "Mzaramo utakula harufu." Nimekula harufu. Mwanao nikamnunulia wake, nikamshikia kwa leso za karatasi tabaka juu ya tabaka kama nabeba kaa la moto. Lakini sikia: ile nyama wanaigaragaza kwenye unga wa mahindi kabla ya kuikaanga. Unga wa njano, wa mahindi, wallahi! Nikamwambia Neema, "Sasa nimejua kwa nini mama yako alikuwa anautaka huu mkate. Msukuma hata nguruwe umpake unga wa ugali atamfuata mpaka Ulaya." Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaendelea. Mimi nikala mkate wa samaki, haukuwa na ndimu wala chumvi ya maana. Jibini zao nilionja, nyingine inanuka soksi za Baba Sudi, nyingine tamu. Kwenye vibanda walituita tuonje hiki na kile, na mimi nikaonja vyote na sikununua, kama ulivyonifundisha.

Mnara tumeupanda. Ile lifti inakwenda mpaka masikio yanaziba. Juu kuna mahali wameweka sakafu ya kioo, unaiona nchi chini ya viatu vyako. Mimi sikukanyaga. Nimezaa mtoto mmoja na nataka kumlea. Neema alilala chali kabisa juu ya kile kioo, kaweka mikono kifuani, watu wanamruka. Sikupenda alivyolala. Nikamvuta mguu, nikamwambia, "Inuka, tutafute kwetu." Tukatafuta Scarborough upande wa mashariki. Tuliona weupe tu na moshi. Ziwa limeganda pembeni kama mafuta ya mchuzi uliopoa. Nikaupungia mkono upande ule basi letu linakopita. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa anaupungia huu mnara kila siku. Sasa tumpungie sisi." Hakupunga. Akauliza kama tunaweza kushuka.

Nikaanza kuogopa, Kabula. Nilisema moyoni, labda nimemtesa mtoto wa watu kwa ukaidi wangu. Miguu inaniuma, Sudi kanilowesha mgongo, na mtoto yuko vile vile.

Jioni ikiwa bado na mwanga tukafika ule uwanja wa barafu mbele ya City Hall, watu wanateleza kwa viatu vyenye visu. Hatukukodi viatu. Tulisimama pembeni na vikombe vya chokoleti ya moto. Pale njia ilikuwa na theluji iliyogandamana, utelezi mtupu. Na mimi nikajiona nimevaa koti lako, nikajua siku yangu ya kazi imefika. Kile chumba chenye zulia kilininyamazisha, lakini pale nje hakukuwa na wa kunirudisha kwenye kiti.

Nikampa Neema vikombe vyote viwili ashike. Nikanyoosha shingo kama niliyejitwika ndoo. Nikatanua mikono. Nikaanza kutembea kama wewe kwenye theluji, unyayo mzima chini, kama mtu anayepima tope la mpunga, huku nasema kwa sauti maneno yako yale, "We theluji, sina ugomvi na wewe. Nipishe nipite, mimi mgeni tu hapa." Na Sudi nyuma anaruka kwa furaha kwenye kanga. Wazungu wakasimama kutazama. Nikaendelea. "Mimi Kabula wa Mwanza, nimebeba pembe za tembo kutoka bara, jamani huyu Mzaramo ananicheka na yeye hajawahi kubeba hata ndoo yake!" Nikageuka kwa madaha, nikakanyaga pindo lako refu, nikakaa chini puu.

Nikasikia mlio. Nikadhani ni filimbi. Ni Neema, Kabula! Anacheka mpaka chokoleti inamwagika kwenye glavu. Akaja mbio, na kwa Kiingereza akanigombeza, eti nimekosea, Mama hakuwa anatembea hivyo. Alilitaja hilo neno. Mama. Akaweka vikombe chini kwenye theluji, akaniambia niangalie. Akanyoosha shingo. Akatanua mikono, lakini kidole kidogo kikakaa juu, namna yako, mimi nilikuwa nimekisahau hicho kidole. Akapiga hatua, na kila hatua midomo inacheza, anaisemesha theluji kwa Kiswahili, pole pole, na kile kilafudhi chako cha Kisukuma. "Sina ugomvi na wewe."

Nikakuona. Sisemi kama watu wanavyosema. Nilikuona umepungua urefu tu, unanijia.

Alipofika mbele yangu kicheko kikageuka. Nilifungua koti, akaingia. Akalia, mwenzangu, akalia kama mtoto anavyotakiwa kulia, makamasi na yote, na mimi chini kwenye barafu nimekaa na watoto wawili ndani ya koti moja. Wala sikumwambia anyamaze. Mzee mmoja wa kuteleza akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Nikamwambia hapana, asante, tuko msibani. Sijui alielewa nini. Aliinamisha kichwa, akaokota vikombe vyetu.

Hotelini tulilala wote kitanda kimoja. Asubuhi naamka namkuta Neema kashapiga magoti, anakunja pembe za shuka, ile pembe yako kali kama bahasha. Nikaivuta, nikaivuruga. "Leo hapana," nikamwambia, "leo sisi wageni, mama yako alisema tusitandike." Akavuruga na upande wa pili kwa mikono miwili. Halafu tulipovaa viatu, nikamwona ananitazama, na mimi namtazama. Mwenzangu, tulitandika. Hatukuweza kukiacha vile. Tuliwaza yule dada atakayeingia na toroli lake. Usinitukane sana.

Jumapili tukaishia mtaa wa Spadina, kwa Wachina. Tulikula supu ya tambi iliyojaa mvuke mpaka miwani ya watu inafunga ukungu. Halafu kwenye duka moja, katikati ya uyoga na samaki wakavu, nikaona pakiti. Viazi vitamu vilivyokaushwa! Wewe uliyeapa kwamba Kanada nzima hakuna. Nikainyanyua nikaita dukani mle, "Michembe!" Neema akaichukua, akaiangalia kwa macho ya fundi, akanisahihisha kwa Kiswahili, "Siyo michembe, Ma'mdogo. Hii ni matobolwa. Inachemshwa kwanza. Mama alisema." Mtoto wa Scarborough! Nikakubali kushindwa. Tulikula njiani, vinanata kwenye meno, na akaanza kuniuliza. Mama alikuwa anaogopa nini. Mama alinijua vipi. Kama uliumia sana mwishoni. Nilimjibu yote, na lile la mwisho pia. Sikumdanganya.

Maharage yalitaka kuungua, nimerudi.

Nimalizie. Kwenye basi la kurudi, mimi na mtoto mgongoni na mikoba miwili, nikamwambia Neema anisaidie mmoja. Akajiegemeza dirishani, akasema, "Mimi mizigo nishabeba ya mababu. Mzaramo, beba mwenyewe." Basi zima lilinisikia nikicheka. Ulimfundisha lini? Au hamfundishwi, mnazaliwa nayo? Baba yake alipofungua mlango, alimwuliza kama ameshiba, naye akamjibu, "Ma'mdogo hajui kutembea kama Mama. Njoo nikuonyeshe." Niliwaacha pale sebuleni. Shemeji alikuwa amesimama, mikono kaitanua.

Kwa hiyo lala, Kabula. Koti silirudishi, hilo ujue. Kila Februari nitalivaa na kumchukua Msukuma mdogo twende mjini, tule, tupande, tulale, na atakapokuwa mrefu wa kulivaa nitamwuzia ghali sana, kwa haki ya utani. Kiswahili chako hakitamtoka nikiwa hai. Na siku nikija huko uliko, uwe mlangoni. Nitakuwa na mizigo mingi, na sibebi hata mmoja.

Ni mimi mtani wako,
Mwanahawa, mama Sudi