Fungate ya Marta na Kihungari Changu

Maskati, Jumatano, Disemba 1970

Leo kumepoa. Upepo unaingia mpaka ukumbini, na Mama amejitanda shali tangu alfajiri. Mimi nina furaha ya mtu aliyefumbua fumbo, na nina aibu pia, na sijui ipi imezidi.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikasoma haya mwakani nikajishangaa.

Mdogo wangu Nassor alitoka Unguja kwenda Hungaria kusoma uhandisi kabla ya mapinduzi. Sisi tukaja huku na meli, yeye akabaki hukohuko, akaoa. Mwaka huu nchi hii ilipowafungulia milango walio nje akasema naye anakuja. Basi wiki iliyopita ameshuka na mkewe, Marta, mwanamke mrefu, mpole, mwenye masanduku mawili na macho yanayotazama kila kitu. Hawakupata hata siku mbili za kupumzika pamoja. Kazi ikamwita Nassor kwenda Sohar kupima barabara, na anarudi Ijumaa.

Kabla ya kupanda gari alinivuta pembeni.

"Dada, nakuachia Marta. Akishindwa kuishi hapa, mie ntarudi naye Ulaya. Simlazimishi."

Tangu hapo roho yangu haikutulia. Ndugu zangu wengine mmoja yuko Kairo, mwengine Dubai, na kila mmoja alisema anaondoka kwa muda mfupi tu. Huyu mmoja amerudi. Sitaki aondoke tena, na nalisema waziwazi kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia.

Tatizo ni kwamba Marta anajua Kihungari na Kijerumani kidogo. Mimi nina Kiswahili, Kiarabu, na Kiingereza nilichokuwa nikisomesha skuli Unguja. Katikati yetu hapana kitu. Nassor ameniachia kitabu cha sarufi ya Kihungari, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wanaojua Kiingereza. Basi nimekivaa kitabu hicho siku zote hizi, nakula nacho, nachambua mchele nacho.

Na nimegundua jambo la ajabu. Kila sura inaanza kwa kumpa pole msomaji, na mimi kila nikifika hapo sioni cha kupewa pole.

Kwa mfano kinasema, jikaze, lugha hii haitofautishi mwanamume na mwanamke, wote ni neno moja, "ő". Sasa hilo nalo la kujikazia nini? Sisi tuna "yeye" na hatujawahi kupoteana. Mbele kidogo kinaonya kwamba "a ház nagy" ni "nyumba kubwa" tu, bila kitenzi cha kuunganisha. Mwingereza anatafuta kitenzi chake hapo katikati, hakioni, anaweweseka. Kwa Kiarabu twasema hivyohivyo kila siku.

Kisha nikafika kwenye "ház" na "házban". Nyumba, nyumbani! Wanabandika kiambishi mwishoni kama sisi. Tena kile kiambishi hubadilisha irabu kufuata irabu za neno lenyewe, kwa hiyo ukisema bustani ni "kert", ndani yake ni "kertben", si "kertban". Kitabu kimejaza kurasa kulieleza hilo kwa huruma nyingi. Nikawaza, kwani sisi hatusemi "pigia" lakini "somea"? Mama hajakanyaga skuli na hajakosea hata mara moja.

Lakini kilichonifanya nipige kofi la furaha peke yangu ni hiki. "Látok egy házat", naona nyumba, yoyote ile. "Látom a házat", naiona nyumba, ile tunayoijua mimi na wewe. Kitenzi chenyewe kinabadilika! Mwingereza kitenzi chake hakina habari kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Chetu kinayo. Chao pia kinayo, watu wanaokaa kwenye theluji huko, ambao hawajapata kusikia neno letu hata moja. Nani aliwafundisha?

Nikajiona bingwa.

Kumbe bingwa yuko chumba hiki anaisoma lugha ya Marta, na Marta yuko chumba cha pili, peke yake.

Hapo ndipo aibu ilipo. Mama hakuhudhuria harusi ya mwanawe. Alipoambiwa Nassor kaoa alikuwa hapa Maskati, hana hata mtu wa kumpigia vigelegele. Kwa hiyo Marta alipofika, Mama aliapa atamfanyia fungate yake kamili, bwana harusi awepo asiwepo. Majirani walicheka, Mama hakujali. Siku saba bibi harusi haguswi na kazi. Tukamtandikia chumba bora. Tukatoa sahani za maua ambazo hatuzitumii kila siku, zikawa zake peke yake. Chakula tunampelekea chumbani. Asubuhi na jioni Mama anafukiza udi mpaka moshi unatoka dirishani. Anamsinga mikono na miguu kwa singo na liwa, manukato ya kumsugulia bibi harusi ngozi. Na kwa kuwa kumepoa, akamfunika na blangeti zito, binti aliyetoka kwenye barafu.

Marta alikuwa anashukuru kwa kichwa. Siku moja alitoka akashika ufagio, Mama akamnyang'anya huku akimbusu shavuni. Alikuja mlangoni mwa jiko, Mama akamrudisha kwa mikono miwili. Akaanza kula kidogo. Jana nikamsikia analia, na katika kilio nikashika neno moja, "haza". Nikalitafuta kitabuni. Maana yake ni kuelekea kwao.

Moyo ukanipasuka. Nikamwona Nassor akilini, anafunga masanduku.

Leo baada ya sala ya alasiri nimeingia kwake na kitabu changu. Nilikuwa nimetunga sentensi, nimeirudia mbele ya kioo. "Mit akarsz?" Unataka nini?

Badala ya kujibu ameniuliza yeye. "Beteg vagyok?"

Nimekimbilia msamiati wa nyuma ya kitabu. "Beteg", mgonjwa. "Vagyok", mimi ni. Mimi ni mgonjwa? Sikuelewa. Mtu anamuuliza mwenzake kama yeye mwenyewe anaumwa? Nikadhani nimekosea ukurasa.

Akaona sijaelewa, akanishika mkono. Akanionyesha sahani zake mwenyewe. Blangeti. Bakuli la singo, akajipaka mkononi kwa uso wa muuguzi. Akanyanyua chetezo, akaziba pua, akazunguka chumba kizima akifukiza pembe zote kama mtu anayeua vijidudu. Kisha akaelekeza kidole jikoni, akatikisa kichwa, akarudisha mikono nyuma. Huko haruhusiwi kugusa chombo cha mtu.

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka.

Sisi tulimwekea fungate. Yeye alidhani karantini.

Siku zote hizi binti wa watu anajikagua kwenye kioo akitafuta maradhi aliyoyaleta! "Nem, nem," nikasema, hapana, hapana, nikafunua kurasa mbiombio mpaka nikalipata neno la bibi harusi. "Menyasszony vagy." Akaduwaa. Akaninyooshea vidole vinne, miaka minne ameolewa, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Alipotulia akalijibu lile swali langu la kwanza. "Dolgozni akarok." Nataka kufanya kazi.

Sasa kazi ikawa kwa Mama. Nimemkuta jikoni anapepeta mchele, nikamwambia yote. Hakuniamini.

"Siku saba hazijesha, Zuwena. Bibi harusi hashiki mwiko. Majirani watasema Nassor kaniletea mtumishi."

"Mama, anadhani tunamwona ana maradhi. Jana alikuwa analia anataka kurudi kwao."

Mama ameacha kupepeta. Nikangoja anigombeze. Badala yake ameniambia jambo ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake.

"Mie nilipofika hapa na ile meli, jamaa zetu walinikalisha juu ya mto wa kukalia. Kila nikiinuka, kaa Bi Zamzam, kaa, we mgeni. Mgeni, nchi ya babangu! Wallahi walinipenda. Na mie nilikuwa nnajifungia chooni nnalia, nisionekane sina shukrani."

Miaka sita tumekaa naye nyumba moja na sikujua. Nilidhani alikuwa anaililia Unguja tu.

Akauweka ungo wake chini, akakung'uta kanga. "Kafunge mlango wa mbele, majirani wasione. Halafu mwite."

Marta amekuja na mfuko mdogo kutoka sandukuni kwake, pilipili nyekundu ya kusaga ya kwao. Mama ameinusa, amepiga chafya, amesema haina ukali wowote, hiyo ni rangi tu. Marta amekata vitunguu haraka kuliko mimi, amekaanga kuku, amemwaga ile rangi yote mpaka sufuria imekuwa nyekundu kama hina. Hakuna aliyehitaji kitabu. Mama alikuwa anamsukuma kwa kiwiko akitaka kupita, naye anamsukuma hivyohivyo.

Mama ameonja na kukunja uso.

"Chumvi haijakolea. Mwambie."

Nimesita. Bibi harusi haambiwi hivyo. Anayeambiwa hivyo ni mimi, tangu nina akili zangu. "Só," nimesema, neno lenyewe fupi hivyo, chumvi. Marta amemtazama Mama, Mama kakaza uso kwelikweli, na Marta ameangua kicheko ambacho sijakisikia tangu afike.

Tumekula sote sinia moja. Sahani za maua nimezifuta na kuzirudisha kabatini.

Baada ya kula, Marta amekataa katakata nioshe mimi. Mikono yake ikiwa ndani ya maji ya sufuria, amesema kitu polepole, kwa ajili yangu. "Holnap is én főzök." Nimeelewa yote bila kufungua ukurasa. Kesho pia anapika yeye.

Nimemfasiria Mama. Mama hata hakugeuka.

"Kesho samaki," amesema. "Mwambie aamke mapema, soko halimngojei bibi harusi."