Habari Niliyoileta Mbio

Gakii,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako. Nimeandika hivyo nikafuta. Hofu yako wewe iliisha mwezi wa tano. Iliyobaki yote iko hapa kwangu, leo ni Alhamisi na mbio ni Jumapili.

Ndiyo, naenda. Nilisema naenda, nikasema siendi, nikasema naenda tena, hata mwalimu mkuu ameacha kuniuliza. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako hapa ofisini. Darasa lako la sita wanaandika insha, nawasikia wakinong'ona. Hii meza bado inayumba, na ile karatasi uliyoikunja ukaiweka chini ya mguu wake bado ipo. Sijaruhusu mtu aiguse.

Naogopa, Gakii. Naogopa tumbo langu, unalijua. Naogopa huu ukucha wa kidole gumba uliogeuka mweusi. Wanasema baada ya masaa matano na nusu barabara inafunguliwa magari yapite, na mimi mazoezi yangu ya mwisho, kilomita thelathini, yalinichukua karibu masaa manne. Nilipofika nyumbani nilikaa kitini na viatu vyangu mpaka Baba Mwenda wangu akanivua kama mtoto. Kila nikifumba macho najiona nafika uwanjani na wafagiaji wameshaingia na mifagio yao. Kilomita arobaini na mbili! Ni wewe uliyesikia kwenye redio kwamba hata walimu wanene wanaruhusiwa kujiandikisha.

Siku ya kwanza tulikimbia mpaka njia panda ya lami tukarudi tukitembea, umenishika mkono. Viazi vya kuchemsha vilikuwa vimepondeka mfukoni mwako, tukavila hivyo hivyo. "Kendi, wewe unakimbia ama unafuata ng'ombe?" uliniuliza. Na nilipotaka kukaa chini ukaniambia, "Endelea tu, mwisho hauhami." Neno hilo nimelisema kimoyomoyo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Ambacho sikujua ni kwamba mdomo wako ulikuwa unafanya nusu ya kazi. Hapa Kibirichia mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia kuna nyumba inaungua, au kuna mtu amekufa. Wewe ulikuwa unapaza sauti kutoka mbali, "Kwema! Kwema tu! Tunapunguza tumbo!" Watu wakacheka, wakainamia viazi vyao. Mimi sina sauti hiyo. Jumamosi ya kwanza niliyotoka peke yangu, mzee mmoja alitupa jembe akanikimbilia mpaka darajani. "Mwalimu! Simama! Ni nani ameenda?" Nikamwambia hakuna, nafanya mazoezi. Alisimama akihema, akanitazama kwa hasira, akarudi shambani kwake bila kuniaga. Sikumlaumu.

Sasa nikuambie habari za mama yako. Lazima nianze na siku ile, kwa sababu hukuiona.

Nilikuwa nimekuletea uji pale hospitali Meru. Muuguzi aliniona mlangoni na chupa ya uji, akaniambia niketi, nikajua. Ndugu yako akabaki kushughulikia karatasi. Mimi nikapanda pickup mpaka sokoni, na kutoka sokoni mpaka kwenu ni mwendo unaoujua. Najua pia inavyotakiwa, sikukosa kulelewa. Unatafuta baba mdogo, unatafuta wazee wa kanisa, mnaenda watu watano au sita, mnaketi, mnaomba chai, mnaomba Mungu, halafu mwenye umri anafungua kinywa. Habari ya msiba haibebwi na mtu mmoja.

Nilishuka nikakimbia. Na sketi, na viatu vya kanisani. Mimi ambaye hujawahi kuniona nikimpita mtu hata mmoja! Siku hiyo peke yake maishani mwangu nilikimbia kweli. Mama alikuwa anaanika maharagwe juu ya gunia, akaniona nikiwa bado chini kule kwenye ua. Alipiga yowe kabla sijafika.

Mazoezi niliyarudia mwezi wa nane, na barabara yetu inapita langoni pake. Mara ya kwanza nilipotokea pale kwenye kona alikuwa amebeba ndoo, ikamwanguka. Mara ya pili alishika nguzo ya lango kwa mikono miwili, na mimi nikapita, Gakii, nikapita bila kusimama kwa sababu ya aibu. Baada ya hapo nikahamia barabara ya juu, ile ya mawe, magoti yakaanza kulia. Nikaacha hata kwenda kumsalimia. Watu wengine sasa wanamwita Mama Mutwiri, kwa jina la ndugu yako, badala ya Mama Gakii, wakidhani wanamwonea huruma. Nilisikia hivyo sokoni na sikufungua mdomo kumtetea.

Jumanne nikashindwa. Nilifunga sukari na majani ya chai, nikaenda kwa miguu, nimeshaamua namwambia kwamba nimeacha. Nikamwambia, "Mama, kila nikipita hapo nje ni kama naleta habari ile tena. Hizi mbio naziacha."

Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, akaendelea kuchagua. Halafu akasema kwa Kimeru chetu, nami nakuandikia nilivyoelewa:

"Siku ile ulikuwa na haraka ya nini? Aliyekufa haendi mahali. Ungekuja ukitembea, mimi ningekuwa na mtoto dakika kumi zaidi."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza tu, kama mtu aliyekaa na swali hilo miezi yote akingoja nije. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuweza kuibeba habari ile, ilikuwa nzito, nilitaka kuitua. Akatikisa kichwa. Akanisogezea kikombe.

"Na hizo za Jumapili," akauliza, "mnakimbilia nini?"

"Hakuna, mama. Tunazunguka, tunarudi pale pale tulipoanzia."

"Watu wazima!" Akacheka, Gakii. Mama yako alicheka, nikaliona lile pengo la jino lake, sikuwa nimeliona tangu mazishi. "Basi enda. Ukiacha sasa watu watasema ni mimi nimekataza. Enda umalize, na Jumatatu uje mwenyewe uniambie. Nisisikie kwa mtu."

Kwa hiyo naenda. Usidhani nimepata ujasiri. Jumamosi asubuhi nateremka Nairobi, nitalala kwa binamu yangu, na Jumapili nitasimama nyuma kabisa ya watu wote ambako hakuna atakayenisukuma. Labda nitamaliza. Labda magari yatanikuta barabarani na mtu wa filimbi atanionyesha njia ya kando. Siwezi kukuahidi medali.

Nakuahidi Jumatatu. Nitashuka pale sokoni, na najijua, miguu itataka kunikimbiza kwa mama yako, nikiwa nimeshinda au nimeshindwa. Sitakubali. Nitatembea. Nitamsalimia kila mtu njiani, nitauliza habari za ng'ombe na za watoto, na lango likionekana nitapunguza mwendo zaidi. Nataka aniangalie nikija kutoka mbali, achoke kuningoja, aanze kunung'unika kwamba huyu Kendi siku zote anachelewa.

Pumzika, rafiki yangu. Kengele imelia, naenda kukusanya insha za watoto wako.

Kendi