Kikwembe Yako Itatembea Usiku

Mama,

Niko nakuandikia ku meza yako ya kushonea, pale karibu na dirisha. Usiangalie maandiko, unajua masomo yangu iliishia wapi. Lakini niko na maneno mingi, na bantu ba hapa nyumbani bamechoka kunisikia nikijisifu. Weye haukuchokaka.

Majina yako amekuwa mukubwa. Ule mutoto yangu ulimupa jina yako, mulikuwa munaitana "majina, majina" na kucheka sawa bantu ba rika moja, sasa anasoma université. Na iko muzuri, Mama! Nikipita naye mu njia ya Kamalondo natembea polepole, bantu bamuone vizuri. Vidole ni yako. Kushona hakuna mwenye alimufundisha, alikuwa anakuangalia tu.

Sasa sikia kazi yake. Banaita cosplay: muntu anavaa sawa muntu wa hadithi, toka kichwa mpaka miguu, kisha banamupiga picha. Benzake banavaa sawa bantu ba mu filme ya ngambo. Wa kwangu alikataa. Alisema: "Miye nitavaa sawa ule mwanamuke wa Nkambo." Ule wa hadithi yako, Mama, mwenye kubeba moto usiku nyumba kwa nyumba, wakati moto ya kijiji yote ilizimika. Courant ilikuwa inakatika, giza inaingia, unaweka mbabula katikati yetu, makala inawaka mwekundu, unaanza. Nilifikiri mutoto amelala. Kumbe alikuwa anashika kila neno.

Picha ni siku ya samedi, usiku, mbele ya nyumba yako. Amesuka sketi ya raffia, amekunja bangili ya waya ya shaba mpaka ku kiwiko. Rafiki yake njo ataleta appareil ya picha. Taa hapana, mwangaza itatoka ku makala tu.

Juzi tulijaribu. Ee Mama, ungecheka! Tumewasha mbabula inje, bamama tumekaa chini ku mukeka, mutoto amejipakaa pemba, ule udongo nyeupe, ku uso. Mara Mama Odile, jirani yetu wa ngambo ya barabara, anafika mbio, kikwembe amefunga ku kiuno, mikono ku kichwa: "Mayo wee! Nani? Nani ametuacha tena mu hii nyumba?"

"Hakuna kilio, Mama Odile! Moto hii ni ya picha!"

"Picha?" Akasimama. "Basi munirudishie machozi yangu!"

Akakaa, akakula karanga yetu yote, kisha akavua shanga yake ya shingo akamupa mutoto. Toka pale napita miye mwenyewe kila mulango kuambia bantu: samedi mukiona moto kwetu, musilie. Nyumba kwa nyumba, sawa ule mwanamuke wako. Na kila mulango nasema ni mutoto yangu.

Lakini kuko neno yenye inaniuma.

Kisha kilio yako, bashangazi baligawanya bikwembe yako. Miye balinipa ile ya bluu, yenye ndege. Sijaikata, sijaifua. Iko bado na harufu ya mafuta ya mashini yako. Na mutoto anaitaka. Anataka ipepee nyuma yake akitembea na moto. "Ya kufunga tu haitapepea, Mama. Inafaa kukata."

Nilitoka inje. Niliporudi aliniambia polepole: "Basi, nitaazima ingine."

Kuazima! Mujukuu wa fundi wa Kamalondo!

Nikatandika kikwembe hapa ku meza, nikashika makasi yako. Unajua ginsi ulinifundisha: haukukataka kitambaa bila kutaja kwanza jina ya mwenye ataivaa. "Kitambaa ijue mwenyewe mbele ya makasi." Na jina yake ni yako. Miye toka amezaliwa namuita Mama, sababu jina ya muzazi haitajwi ovyo. Toka tulikuzika, ile jina haijapita mu kinywa yangu. Nilisimama pale. Kinywa ilikataa. Mama, kinywa ilikataa kabisa. Njo nikaweka makasi chini, nikachukua hii karatasi.

...

Nimerudi. Nilimuita mutoto asimame hapa pembeni ya meza. Nikaweka mukono ku ndege ya bluu, nikasema: Masengo.

Sauti ilitoka kidogo, sawa ya mutoto. Yeye akaitika: "Mama?" Akanishika bega.

Nikakata. Makasi yako iko inakata vizuri bado.

Vipande yenye ilibaki nimeikunja, haitatupwa. Pumuzika sasa, Mama yangu. Samedi ukiona moto inapita mbele ya mulango yako, usishituke, hakuna mwenye amekufa. Nitasimama nyuma ya mwenye kupiga picha, nitanyamaza... hapana, nakudanganya, sitanyamaza. Nakuahidi: nitaita jina yako kwa nguvu, barabara yote isikie. Na muntu ataitika.

Miye, mutoto yako