Vipande Vinne vya Sauti ya Mama

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka mpendwa,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Na lile goti lako linaendeleaje? Huku tu wazima, ila baba mdogo na kifua chake, na mimi na cherehani inayokata uzi kama tuna ugomvi.

Kaka, mziwanda wetu ni moto wa kuotea mbali! Unakumbuka alimrekodi mama siku zake za mwisho, mama akasema tusikilize mwaka ukishapita. Kabla mwaka haujaisha, wezi wakabeba kompyuta. Nililia, maana nilijua humo mna neno lake kwako, wewe uliyeondoka mmenuniana naye.

Kumbe zile flashi sita alizogawa mziwanda, kila nyumba moja, zilikuwa na kazi. Sauti aliikata vipande vinne, kisha akapiga hesabu akapata viwili vya ziada. Vyovyote vinne vikikutana, sauti yote inarudi. Nikamwambia sielewi.

“Namba mbili, jumla yake kumi. Moja imepotea, iliyobaki ni saba. Iliyopotea ni ngapi?”

“Tatu.”

“Basi ndiyo hivyo, ila hesabu yangu ndefu kidogo.”

Sasa aibu. Flashi ya baba mdogo ilifuliwa ndani ya mfuko wa shati. Yangu niliifuta kwa mkono wangu! Niliifungua, nikaona alama zisizosomeka, nikadhani imeharibika, nikajaza miziki ya dukani. Mziwanda hakunifokea.

“Kipande kimoja peke yake hakisomeki, kaka. Bado nne. Hapo asifue mtu tena.”

Ya nne ilikuwa yako. Ulipokituma kipande chako kwa mtandao tulikodolea skrini macho mpaka yakatutoka machozi. Kilipofika akaviunganisha, na mama akakohoa. Mama mwenyewe! Mziwanda alifuta miwani tu, akaendelea na kazi. Namheshimu binti huyu, kaka, na ninaona fahari kuitwa kaka yake.

Sauti nzima anakutumia kesho, lakini mimi sina subira. Mama anasema: “Mkubwa wangu aliondoka amenuna, nami nilinuna. Mwambieni radhi yangu anayo, tangu siku ile ile alipofunga mlango.”

Shangazi na baba mdogo wanakusalimu. Msalimie shemeji, nibusie watoto. Mungu akupe moyo wa kuisikiliza mpaka mwisho.

Mdogo wako akupendaye sana,
Sindano